Mpunga Umejaa Ghalani, Mtoto Amedumaa: Mafunzo Niliyopata Igawa

Nyanda za Juu Kusini ndiko kunakoitwa ghala la taifa. Mahindi ya Rukwa na Ruvuma, viazi vya Njombe, ndizi za Rungwe, mchele wa Kyela na wa kwetu Mbarali: malori yanasomba usiku na mchana, na mengi yanapita mbele ya mlango wangu hapa Igawa. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulipopima urefu wa watoto walio chini ya miaka mitano, Iringa iliongoza nchi nzima kwa udumavu, karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa zilifuata, kila mkoa ukiwa na nusu hivi ya watoto wake wamedumaa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa Mufindi, mkoani Iringa, nikaolewa huku Mbarali, kwenye bonde la Usangu, na cherehani yangu iko kibarazani, kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Kipato changu kinafuata mavuno: watu wakiuza mpunga wanashonesha, mvua zikikolea wananipita wakinisalimia tu. Baba watoto analima mpunga katika mashamba ya kukodi. Tuna watoto watatu na mama mkwe. Nikiulizwa kama watu wa kipato chetu wanaweza kula vizuri, siwezi kujibu kwa neno moja. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza ni mwezi gani

Kuanzia Mei hadi Julai mpunga unavunwa Usangu. Bei ya mchele inashuka, fedha ipo mikononi, genge limejaa nyanya, vitunguu na mboga za bustani, na hata nyumba ya kibarua inanukia nyama. Njoo Januari au Februari. Majaruba yamejaa maji, miche inapandikizwa, fedha yote imezama kwenye mbolea na trekta la kukodi, na mchele uleule uliotoka shambani kwetu umo dukani kwa bei inayomshinda aliyeulima.

Kinachotuumiza ni kuuza kwa haraka. Aliyekopa pembejeo anadaiwa siku ileile anayopiga mpunga. Wapo waliouza ukiwa bado kijani shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto aliugua au ada ilitakiwa. Mwenye mtaji ananunua Juni, anahifadhi, anauza Februari, na tofauti ya bei inayobaki mfukoni mwake ndiyo ingekuwa maharage, mafuta na mayai ya watoto wetu.

Nyumbani tulikubaliana hivi: magunia ya chakula yanatengwa kabla bei haijazungumzwa. Tunahesabu walaji, tunahesabu miezi hadi mavuno mengine, magunia yanaingia ndani, ndipo mnunuzi anaitwa aangalie yaliyobaki. Baba watoto alipinga mwanzoni, tena kwa hoja ya maana: deni halisubiri. Basi tukapunguza eneo la kukodi ili na deni lipungue. Mavuno yetu ni madogo kuliko ya majirani kadhaa, lakini Februari tunakula. Katika yote niliyoyasikia kuhusu lishe, hakuna lililotufaa kuliko uamuzi huu, na wala haukuhusu vitamini.

2. Ugali mweupe ni ghali kuliko unavyoonekana

Kwetu ugali wa sembe ni heshima. Mgeni akipikiwa dona, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, anaweza kudhani hakupokelewa vizuri. Watu wanaihesabu kuwa chakula cha bweni au cha gerezani. Lakini ukipeleka debe la mahindi mashineni likakobolewa, unalipa kukoboa na kusaga, kisha unaacha pale ganda na kiini cha punje, mlimo sehemu kubwa ya vitamini B, mafuta na nyuzinyuzi. Pumba wanakula nguruwe. Wewe unarudi na unga pungufu na wenye virutubishi pungufu. Kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011 ziliwalenga wenye viwanda. Mashine ya mtaani inasaga ulichokileta, haiongezi kitu.

Kwa hiyo tunakula dona, kwa sharti moja: mahindi yawe yamekauka barabara. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo hushika ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu isiyotoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sehemu ya sumu hiyo, hivyo mwenye mahindi yaliyoota ukungu asijidanganye kuwa dona itamwokoa. Mahindi hayo hayafai kwa namna yoyote. Sisi tunaanika juu ya turubai, na mama mkwe, ambaye macho yake bado makali, anachambua punje zilizooza na zilizovunjika. Kazi hiyo inakula jioni kadhaa. Fedha haitoki.

3. Protini ya bei ya chini ipo, ila inadai muda na moto

Watu wengi wakisema hawawezi kula vizuri wanamaanisha hawawezi kununua nyama. Ni kweli, nyama kwetu ni ya siku maalumu. Lakini hapa tuna maharage, na tuna usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela wakiwa wakavu. Uzito kwa uzito, dagaa mkavu ana protini zaidi ya mara mbili ya ile ya maharage, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake, mtoto anapata na madini ya chokaa. Kwa mdogo ambaye koo lake bado laini, ninawakaanga dagaa bila mafuta, ninawatwanga, ninachekecha, kisha kijiko kimoja kinaingia kwenye mboga au uji wakati wa kuupika. Fungu dogo la dagaa linatutosha siku kadhaa kwa namna hiyo.

Maharage tunayo kwa aina. Kituo cha utafiti cha Uyole, karibu na Mbeya mjini, kimezalisha mbegu zinazolimwa Nyanda za Juu zote. Tatizo ni mkaa. Maharage makavu yanaweza kukaa jikoni saa mbili na zaidi, na mwanamke anayenunua mkaa kwa kopo anapiga hesabu anaona bora apike mchicha na nyanya, basi. Ninayaloweka tangu jioni, namwaga yale maji, nafunika sufuria vizuri, na ninapika ya milo miwili kwa mkupuo mmoja. Muda wa moto unapungua sana. Siku za kazi nyingi ninanunua maharage yaliyochemshwa kwa mama lishe wa stendi, na sioni aibu: yeye anapika sufuria kubwa kwa moto mmoja, hivyo kwa kipimo changu kidogo yeye ananiuzia kwa bei ndogo kuliko mkaa ambao ningechoma peke yangu. Ushauri wa lishe unaoandikwa mijini mara nyingi unasahau kabisa habari ya moto.

Mayai ni habari nyingine. Kila nyumba hapa ina kuku wa kienyeji, lakini mayai hayaliwi. Yanaachwa yaanguliwe, kuku wakue, wauzwe wakati wa ada, na kabla ya ada ugonjwa wa mdondo unapita na kufagia banda zima. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja inatosha kuku wengi, hivyo majirani tunachangishana. Kuku wasipokufa ovyo, moyo wa kumpa mtoto yai unakuja wenyewe. Ilibaki mila. Mama mkwe alilelewa akiambiwa kuwa mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele. Sikumbishia. Nilimwomba tu aende nami kliniki siku ya somo la lishe, akamsikiliza muuguzi wa rika lake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeuliza, "Mkwe, huyu mtoto leo kapewa yai?"

Na kuna jambo la barabara kuu ambalo lazima niliseme. Igawa ni mahali pa kupita. Mbele ya kila duka kuna soda, biskuti na juisi za rangi, na mtoto akilia ananyamazishwa kwa hizo. Bei ya soda moja inanunua yai, na mara nyingine chenji inarudi.

4. Mboga za kiangazi zina mgogoro wake

Mvua zikinyesha, mboga ni za bure au karibu na bure: mnafu, mgagani, mlenda, majani ya maboga, majani ya kunde. Hiyo ndiyo rehema ya Februari. Anayeyaanika majani ya kunde kivulini na kuyahifadhi ana mboga hadi Agosti, na bibi zetu walijua hivyo kabla hatujafundishwa lolote.

Kiangazi ndipo penye shida. Mufindi, nilikozaliwa, tulikula mboga za vinyungu, yaani bustani za mabondeni penye unyevu. Hapa Igawa watu walilima kando ya Mto Mbarali, unaoshuka kwenda Ruaha Mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye kingo za mito ziachwe bila shughuli za kudumu. Siipingi sheria hiyo. Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na bwawa la Mtera linasubiri maji hayo. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani anayepoteza. Mwenye shamba kubwa la mpunga ana mfereji wake. Anayeondolewa ukingoni ni mwanamke mwenye matuta machache ya chainizi na figiri, na kilichoondoka naye ni mboga ya watoto kuanzia Agosti hadi Novemba. Wanaosimika alama za mpaka wa mto wangepaswa kuja siku hiyohiyo na jibu la wapi mboga zilimwe.

Jibu langu ni dogo. Nina magunia ya udongo na samadi ukutani, yametobolewa ubavuni, yameoteshwa mchicha na chainizi, na pembeni nina matembele. Yanamwagiliwa maji niliyooshea mchele na mboga. Hayatoshi kila siku. Yanatosha kufanya ugali usiliwe na chumvi tu.

5. Tunda halikuumbiwa wagonjwa

Kwetu ukionekana umebeba machungwa unaulizwa nani amelazwa. Wakati huohuo mapera yanaoza chini ya miti, na pera lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Parachichi la Rungwe na Njombe sasa linasafirishwa nje ya nchi, lakini yale yasiyofikia kipimo cha wanunuzi yanashushwa barabarani kwa bei ndogo. Ninampondea mtoto nusu parachichi ndani ya uji badala ya sukari. Msimu ukiisha, tunakaa bila. Sitamdanganya mtu kwamba tunapata matunda kila siku.

6. Mtoto mdogo apewe sahani yake

Chakula kinaweza kuwa kingi na mtoto akabaki na njaa. Tumezoea kula sinia moja, watoto pamoja, na mikono mikubwa ndiyo inayofika kwanza. Mwenye miaka miwili bado anapuliza tonge lake, mboga imekwisha. Kumtengea sahani yake hakuhitaji senti moja, na kunamwonyesha mama kwa macho yake mtoto amekula kiasi gani. Vivyo hivyo mnofu: kwa desturi nyama bora inakwenda kwa baba, na mjamzito anajipakulia mwisho. Wataalamu wanahesabu siku 1,000, kutoka mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili, kuwa ndizo zinazoamua kimo chake na ukuaji wa akili yake. Mjamzito anayekula makombo anaingia katika siku hizo na upungufu tayari.

Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula mara mbili kwa siku kama mkulima akashiba. Anahitaji milo mitatu na kitu cha kutafuna katikati. Na hapo ndipo ninapoona kiini cha udumavu wetu. Msimu wa kupandikiza mpunga, wanawake wanatoka alfajiri na kurudi jioni, migongo imevunjika kwa kuinama majini. Mtoto ameachwa na dada yake ambaye mwenyewe ni mtoto, na bakuli la ugali wa jana au uji mweupe mtupu. Mlo wa maana anaupata mama akiwa hajaondoka, na mwingine mama akirudi. Mama huyo hakosi elimu. Anakosa saa.

Wengi wanajaribu kufidia kwa kununua unga wa lishe wenye mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, vyote vimesagwa pamoja. Ni ghali, na wataalamu wa lishe wamekuwa wakituonya: soya isiyoandaliwa sawasawa inasumbua tumbo la mtoto, na karanga zikikaa kwenye unga huchacha, au zinakuja na sumukuvu. Unga wa nafaka moja, uji mzito kidogo, ukaongezwa maziwa, karanga zilizosagwa siku ileile au dagaa wakati wa kupika, ni bora na wa bei ndogo.

7. Wazazi wetu walishalifanya hili, tena wakati wa dhiki

Mama yangu ana kadi yangu ya kliniki hadi leo. Ina rangi: kijani, kijivu, nyekundu. Nilikuwa mtoto wa vijiji vya Mpango wa Lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ukianzia katika vijiji 168. Iringa ya wakati huo ilikuwa bado inajumuisha Njombe, Makete na Ludewa.

Kumbukeni miaka hiyo. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya mgawo, maduka matupu. Hakuna mwanakijiji aliyetajirika. Lakini watoto walipimwa uzito kijijini kila baada ya miezi mitatu, mbele ya watu, na majibu hayakuishia kwenye daftari la zahanati. Yalipelekwa kwenye serikali ya kijiji. Mama anasema mwenyekiti alisimama mkutanoni akauliza: watoto waliomo kwenye nyekundu ni wa nani, kwa nini wamo, tunafanya nini kabla ya upimaji ujao? Kama sababu ni mama kuchelewa shambani, wanakijiji walipanga kituo cha kulelea watoto, kila nyumba ikatoa unga na maharage, watoto wakala mchana. Kama sababu ni baba kunywa pombe ya ulanzi hadi fedha ya mavuno kuisha, aliulizwa hadharani. Katika miaka michache watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka zaidi ya nusu hadi kama asilimia 38, na wenye hali mbaya kabisa walipungua kwa zaidi ya nusu.

Kipimo kile kilikuwa uzito, hiki cha 2022 ni urefu, kwa hiyo siwezi kuziweka namba hizi bega kwa bega. Lakini ninajua kilichokuwepo na sasa hakipo. Lishe ilikuwa ajenda ya kijiji. Leo imebaki kuwa lawama ya mama mmojammoja anayeambiwa kliniki, "Mlishe mtoto makundi sita ya chakula," kisha anarudi nyumbani peke yake na orodha kichwani.

8. Kuna watu ambao ushauri wangu hauwafikii

Nimeandika kama mtu mwenye magunia machache ndani. Jirani yangu ni kibarua. Hana shamba, analipwa kwa siku, na Februari ananunua kila kitu: mchele, mkaa, maji, hata chumvi. Akiugua, siku hiyo hakuna ujira. Ukimwambia mtu huyu anunue maharage, dagaa, mboga, tunda na mafuta kwa siku moja, unamwonea. Kwake chakula bora hakinunuliki miezi iliyo kati ya mavuno na mavuno, na hakuna ujanja wa jikoni utakaobadilisha hesabu hiyo. Atakula wanga, na mboga za mvua zikiwepo atashukuru.

Hivyo hukumu yangu ni hii. Kwa nyumba yenye shamba na maelewano kati ya baba na mama, kula vizuri Igawa kunawezekana kwa kipato kidogo, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Kwa nyumba ya kibarua haiwezekani bila kijiji na halmashauri kutia mkono.

Na mkono huo una mahali pa kuanzia. Wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe na serikali, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inatakiwa kufanyika kila robo mwaka. Basi, baba unayesoma haya, siku hiyo usimwachie mama mtoto. Nenda ukamwone mwanao akipimwa. Nawe mwenyekiti wa kijiji cha Usangu, katika mkutano mkuu unaokuja, soma majibu ya upimaji mbele ya watu, uliza shilingi 1,000 za watoto wako zimefanya nini, kisha panga kituo cha kulelea watoto kwa msimu wa kupandikiza: jengo moja, kina mama wawili wa kupika, na debe la mahindi na sado ya maharage kutoka kila nyumba iliyovuna. Kipange mwezi Juni, wakati mpunga bado uko ndani.